Ujira, Zawadi na Thawabu: Maneno ya Malipo katika Ncha ya Kaskazini ya Ziwa Nyasa

Mwenye kufungua kamusi ya Kiingereza na Kiswahili, akitafuta jina la kile apewacho mtu kwa ajili ya tendo lake, huona upande mmoja neno moja la Kiingereza, na upande wa pili safu ya maneno ya Kiswahili yaliyosimama bega kwa bega: tuzo, zawadi, ujira, malipo, thawabu, bakshishi. Mwanafunzi huweza kudhani kuwa maneno hayo ni ndugu wa tumbo moja, na kwamba akikosa hili atashika lile. Dhana hiyo si sahihi. Mpagazi aliyemaliza miezi kumi na mzigo begani, akaambiwa aje apokee zawadi yake, angejua mara moja kwamba ameibiwa. Na mgeni aliyekaribishwa kwa ng'ombe, akauliza kuwa huo ni ujira wa kazi gani, angekuwa amewatukana wenyeji wake.

Kinachoyatenga maneno haya ni swali moja: je, mwenye kutoa anadaiwa, ama hadaiwi? Kutokana na swali hilo huzaliwa la pili: mwenye kupokea aweza kudai, ama hana budi kungoja moyo wa mwenzake? Ujira na mshahara hudaiwa. Zawadi na bakshishi hazidaiwi. Tuzo haidaiwi, lakini haitolewi bure. Yataka sifa itangulie. Thawabu hungojwa, wala hakuna baraza la duniani inakoweza kudaiwa. Mipaka hiyo yaonekana wazi katika karatasi, lakini katika maisha ya watu haikukaa mahali pamoja. Maneno haya yamehama, na kila lilipohama moja, mtu fulani alipata au alikosa.

Mahali pazuri pa kuutazama uhamaji huo ni nchi ya Kyela na mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, ambako mito ya Songwe, Kiwira na Mbaka hushuka kutoka milimani na kumwaga maji yake ziwani. Kiswahili si lugha ya kuzaliwa ya nchi hiyo; wenyewe ni Wanyakyusa, na jirani zao ni Wangonde ng'ambo ya Songwe, Wakisi wa ukingo wa mashariki wa ziwa, na Wakinga wa Milima ya Livingstone. Kwa hiyo maneno ya Kiswahili ya malipo yalifika huko yakiwa wageni, kila moja na msafara wake, na kufika kwake kwaweza kufuatwa katika historia.

Kabla ya wageni hao watu hawakuwa wamekosa namna ya kulipana. Wakinga walifua majembe ya chuma, wakayateremsha kwa Wanyakyusa na kupata chakula. Wanawake wa Kikisi walifinyanga vyungu ambavyo hata leo husifiwa, wakavivusha kwa mitumbwi na kuvibadilisha kwa mazao. Hiyo ilikuwa biashara, kitu kwa kitu. Kazi ya shambani ilikuwa na hesabu nyingine. Aliyewaita wenzake kumlimia aliwaandalia chakula na pombe, na kesho naye akaitwa. Wanyakyusa wana neno ukwangala, maana yake kukaa pamoja kwa furaha, kula na kunywa na kuongea. Nalo lilihesabiwa kuwa miongoni mwa mema makubwa ya maisha. Pombe ile haikuwa ujira, kwa sababu hakuna aliyeipima kwa matuta aliyolima. Wala haikuwa zawadi tupu, kwa sababu asiyeiandaa angelima peke yake mwaka wa pili.

Malipo makubwa kupita yote yalikuwa ng'ombe. Monica Wilson na mumewe Godfrey, waliokaa katika nchi hiyo kati ya mwaka 1934 na 1938, walieleza jinsi vijana walivyojenga vijiji vyao vya rika moja huku wakiendelea kulima mashamba ya baba zao na kula kwa mama zao. Mwishowe baba alitoa ng'ombe ili mwana aoe. Je, ng'ombe hao walikuwa ujira wa miaka ya kulima, au zawadi ya mzazi? Mwana aliyelima kwa utii alikuwa na haki ya kuwatazamia, lakini hakuwa na uwezo wa kuwadai kama mtu adaivyo deni. Swali hilo lilikaa kimya kwa muda mrefu, nalo lilikuja kuzuka baadaye kwa sababu ya fedha.

Maneno ya pwani yaliingia pamoja na misafara. Meli ndogo ya Ilala ilianza safari zake ziwani mwaka 1875. Mwaka 1877 Frederic Elton, balozi wa Waingereza, alipita ncha ya kaskazini ya ziwa akielekea Ugogo, ambako mauti yalimkuta. Mwaka 1879 alifika Joseph Thomson kutoka Dar es Salaam na msafara wa wapagazi wa pwani, naye akaisifu mno nchi hiyo kwa migomba yake na usafi wa nyumba zake. Kiongozi wa wapagazi wake alikuwa Chuma, Myao aliyezaliwa katika nchi za ziwa, yule yule ambaye pamoja na Susi na wenzao walikuwa wameuchukua mwili wa David Livingstone hadi pwani.

Mpagazi wa namna ya wale wa Thomson aliyajua malipo ya aina tatu wala hakuyachanganya. Ya kwanza ni posho, yaani chakula cha kila siku, ambacho kwa kawaida kilikuwa kibaba cha nafaka au kipande cha nguo cha kununulia chakula. Posho haikuwa malipo ya kazi. Ilikuwa ya kumwezesha mtu aifanye kazi. Ya pili ni mshahara, ambao katika zama hizo kwa mpagazi wa Unguja mara nyingi ulikuwa riale tano kwa mwezi. Neno lenyewe lina asili ya Kiarabu, nalo limetokana na jina la mwezi: mshahara ni malipo yanayohesabiwa kwa miezi. Sehemu yake ilitolewa kabla ya safari, na iliyobaki ililipwa baada ya kurudi, hivyo kwamba mpagazi aliyekuwa njiani alikuwa mwenye kudai, na bwana wake mwenye kudaiwa. Ya tatu ni bakshishi, ambayo ilitegemea tabasamu la bwana siku ya kuagana.

Kisa cha waliomchukua Livingstone chaonyesha vizuri jinsi aina hizo zisivyoweza kuzibana nafasi. Walipofika pwani mwaka 1874 walilipwa mishahara yao wakaachwa waende zao. Baadaye chama cha wanajiografia wa London kilitengeneza nishani za fedha kwa ajili yao, kwa kuwa kilitambua kwamba tendo la kubeba maiti kwa miezi mingi, katika nchi ambako maiti ilihofiwa, lilikuwa limepita mapatano yoyote ya mshahara. Huo ulikuwa mwanzo wa kuelewa tuzo. Lakini nishani zilipofika Unguja, wengi wa waliostahili walikuwa wamekwisha kutawanyika katika misafara mingine, na wako ambao hawakuziona. Mshahara una siku yake. Usipolipwa siku hiyo mwenyewe hupiga kelele. Tuzo haina siku, na kwa sababu hiyo hupotea bila kelele.

Katika njia hizo hizo walipita watu wasiokuwa na neno lolote katika safu ile ya kamusi. Karibu na Karonga, kusini kidogo ya Songwe, Mlozi na wenziwe walijenga maboma yao na kufanya biashara ya pembe na watumwa. Wakapigana na Kampuni ya Maziwa tangu mwaka 1887 hadi 1889, na mwaka 1895 Mlozi alishindwa na kunyongwa. Katika misafara ya biashara ile mateka aliweza kuchukua pembe yenye uzito sawa na ya mpagazi huru, kwa njia ile ile na chini ya jua lile lile. Alipata posho tu, ili asife kabla ya kufika. Hivyo yaonekana kwamba chakula peke yake hakimfanyi mtu kuwa mtumishi wa haki. Uungwana wa mpagazi ulikuwa katika lile deni alilokuwa akilidai.

Katika zama hizo pia lilikuwapo neno ambalo leo mtu wa heshima hutaja kwa aibu, nalo ni hongo. Burton na Speke walipopita Ugogo mwaka 1857, hongo ilikuwa ada inayolipwa hadharani kwa mtawala wa nchi ili msafara upite, unywe maji na ununue chakula kwa amani. Ililalamikiwa kwa wingi wake, lakini haikufichwa. Mtawala aliipokea mbele ya wazee wake kama vile forodha ipokeavyo ushuru. Serikali za kikoloni ziliponyang'anya watawala haki ya kutoza wapitao, hongo haikuwa tena na mwenye haki ya kuipokea. Neno likabaki bila kazi yake ya halali, likaingia gizani, na sasa lina maana ya rushwa. Si kwamba watu waliharibu neno. Mamlaka yaliyolisimamisha ndiyo yaliyoondolewa.

Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani walipatana kugawana nchi, na Songwe ukawa mpaka. Mwaka uliofuata wamisionari wa Moravian na wale wa Berlin waliingia Unyakyusa. Wamoravian wakajenga kwanza Rungwe, kisha mwaka 1894 wakashuka Ipyana, katika uwanda wa Kyela. Kwao lilikuja fundisho la malipo yasiyo ya dunia hii. Kiswahili kilikuwa tayari na neno thawabu, lililotoka kwa Waislamu wa pwani. Asili yake ya Kiarabu ina maana ya kurudi, kwa kuwa tendo jema humrudia mtendaji wake. Waliotafsiri Biblia kwa Kiswahili walilichukua neno hilo kwa malipo ya mbinguni, wakaacha ujira kwa wafanyakazi wa shamba la mizabibu.

Hata hivyo fundisho lililosisitizwa na wamisionari hao halikuwa la thawabu bali la neema, yaani kipawa kisichostahiliwa. Katika Kinyakyusa neema huitwa ipyana, na hata sasa wako watu wengi wa nchi hiyo waliopewa jina hilo na wazazi wao. Laonekana kuwa jambo dogo, lakini si dogo. Watu waliozoea kwamba kila mema hutoka katika kupeana, leo kwako kesho kwangu, waliambiwa kuwa liko jema moja kubwa ambalo haliwezi kulipwa wala kudaiwa. Na katika kituo kile kile, siku sita za juma, waliojenga nyumba na kuchonga mbao walitazamia malipo yao, nayo hayakuweza kuitwa neema. Mkristo wa kwanza wa Kinyakyusa alijifunza yote mawili pamoja: kwa Mungu asidai, kwa fundi mkuu adai. Aliyeyachanganya angekosea mara mbili.

Serikali ya Wajerumani ilileta neno lake kwa nguvu zaidi. Amri ya kodi ya nyumba ilitolewa mwaka 1897, ikaanza kutumika mwaka 1898. Kodi ilitaka rupia, na rupia haikuota shambani. Ndipo mshahara, ambao awali ulikuwa jambo la wapagazi wa pwani, ukawa jambo la kila nyumba. Hapo palitokea mabadiliko yasiyotajwa katika kamusi yoyote. Mpagazi wa Unguja alifanya kazi ili apate mshahara. Mwenye nyumba wa uwandani alitafuta mshahara ili autoe tena. Fedha ilipita mkononi mwake kama maji ya Kiwira yapitavyo kwenda ziwani. Ndiyo zama yalipoenea maneno ya kazi ya siku kama kibarua, ambalo lilikuwa jina la kijikaratasi apewacho mtu kuwa shahidi wa kazi yake, kisha likawa jina la mtu mwenyewe.

Vita vya mwaka 1914 vilipoanza, ncha ya kaskazini ya ziwa ikawa uwanja wa mapigano. Mwezi wa Septemba mwaka huo walipigana Karonga, na mwezi wa Mei mwaka 1916 majeshi ya Jenerali Northey yalivuka mpaka na kuiteka nchi hadi Tukuyu. Majeshi hayo yalikula na kupiga risasi kwa migongo ya wapagazi, ambao upande wa Nyasa waliitwa tengatenga. Katika vita vyote vya Afrika Mashariki, wapagazi wa upande wa Waingereza wanakadiriwa kuwa karibu milioni moja, na waliokufa karibu laki moja, wengi wao kwa maradhi na njaa. Baada ya vita madai ya mishahara yalibaki. Askari waliowatumikia Wajerumani waliosalimika walitunza hati zao, na katika miaka ya 1920 serikali ya Ujerumani ilituma fedha kuwalipa malimbikizo yao. Lakini mishahara ya wapagazi wengi waliokufa haikuwafikia warithi wao kamwe. Askari alikuwa na hati, na jina lake lilijulikana. Mpagazi alikuwa ameandikwa vibaya, au hakuandikwa. Ujira ni deni, lakini deni lisilo na karatasi lafanana sana na zawadi: hutegemea moyo wa mwenye kutoa.

Katika miaka ya 1930 lile swali la baba na mwana lilizuka. Machimbo ya dhahabu ya Lupa, katika nchi ya Chunya, yaliwaita vijana wa Rungwe na wa uwandani, na mpunga wa ziwani ukapata soko huko huko. Baadaye wengine walikwenda mbali zaidi, katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini na ya dhahabu ya Afrika Kusini, ambako waliandikishwa na shirika walilolijua kwa jina la Wenela. Kijana alirudi na fedha zake mwenyewe. Kwa desturi alitakiwa kuzipeleka kwa baba, na baba ndiye anunue ng'ombe na kumwozesha. Wengi walifanya hivyo. Lakini kijana aliyekwisha kujua kwamba siku thelathini za kazi zina thamani iliyoandikwa, hakuweza tena kuitazama miaka yake ya kulima shamba la baba kwa macho ya zamani. Naye baba, aliyewahesabu ng'ombe kuwa baraka itokayo mkononi mwake, aliona mwanawe akija na baraka mfukoni. Hapana aliyekuwa mwovu kati yao. Walikuwa wakitumia maneno mawili kwa kitu kimoja.

Baada ya uhuru wa mwaka 1961, serikali ilikomesha uandikishaji wa watu kwenda migodi ya Afrika Kusini, kwa sababu haikuridhia ujira unaonunuliwa kwa kuinamia ubaguzi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 likaligusa neno mshahara kwa namna ya peke yake, lilipomkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili au zaidi. Maana yake ni kwamba mshahara si fedha tu. Ni cheti cha kazi, na mtu mmoja hana siku mbili katika siku moja.

Tangu hapo maneno yamezidi kuhama. Posho, iliyokuwa kibaba cha mpagazi, imepanda ikawa fedha wapewazo watu kwa kuhudhuria mkutano, na pengine yazidi ujira wa aliyefagia ukumbi huo. Takrima, neno jema la kumkirimu mgeni, liliingizwa katika sheria ya uchaguzi mwaka 2000 ili kuhalalisha ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura. Mwezi wa Aprili mwaka 2006 Mahakama Kuu ikaamua kwamba kifungu hicho chapingana na Katiba. Takrima ilikuwa imeanza kuifuata njia ya hongo, ila kwa upande wa pili: hongo ilikuwa haki ikageuka siri, na takrima ilikuwa hisani ikataka kugeuka haki.

Liko neno jingine ambalo limehamia mahali pema, nalo ni kiinua mgongo. Ni malipo apewayo mtu anapoacha kazi baada ya utumishi mrefu. Wenye kulitunga hawakusema kwamba mtu huyo amefadhiliwa, wala hawakusema kwamba amenunuliwa. Walisema kwamba mgongo wake ulikuwa umeinama, na sasa yafaa uinuke. Mtu yeyote aliyewaona wanawake wa Kyela wakipanda mpunga, maji yakiwafika katika ndama za miguu na nyuso zikitazama matope tangu asubuhi hadi jua kali, haulizi maana ya neno hilo. Lakini wapanda mpunga hao hawana kiinua mgongo. Wana bei ya gunia tu, na mwenye kakao ana bei ya mnada. Na bei haiulizi mgongo wa nani uliinama.

Basi kamusi haikosi inapoyaweka maneno haya katika safu moja, maana kazi yake ni kuonyesha mlango, si kumwongoza mtu chumba kwa chumba. Kosa ni la mwenye kutumia. Anayeuita ujira zawadi humfanya mdai kuwa mwombaji. Anayeiita zawadi ujira humfanya rafiki kuwa kibarua. Na anayemwahidi thawabu ya mbinguni mtu ambaye mshahara wake wa mwezi uliopita haujalipwa, ametumia neno takatifu kufunika deni la duniani. Wanyakyusa wana neno la shukrani, ndaga, nalo huitikiwa kwa zawadi, kwa chakula na kwa msaada. Ni neno zuri, na kulitoa hakugharimu kitu. Lakini mpagazi aliyelitamka siku ya kulipwa mshahara alilitoa kwa adabu yake tu, kwa kuwa alichopokea siku hiyo kilikuwa chake tangu jana.